Naomba ushauri: kanisa letu la mawe na chokaa limepigwa lipu ya saruji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa la usharika wetu lilijengwa kwa mawe na chokaa enzi za Wajerumani, zama zilezile za kanisa la Azania Front la Dar es Salaam lililoanza kujengwa 1898. Miaka michache iliyopita fundi alipiga lipu ya saruji nje. Sasa ukuta wa karibu na madhabahu unatoa chumvi nyeupe. Ukiugusa, rangi inabaki kiganjani kama unga. Naamini saruji imefungia unyevu ambao chokaa ilikuwa inaupumua. Wazee wa kanisa wanataka saruji tena. Inaniuma, babu yangu alibatizwa humo. Mafundi, tubandue lipu yote au kwa awamu? Na chokaa ya kulowekwa mnaichanganya na mchanga kwa kipimo gani?