Vipindi vinne kuhusu kumtumaini Mungu mambo yasipoeleweka: nianzie wapi?

mama_wa_Katonga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepewa vipindi vinne vya Jumatano kwenye kikundi cha maombi cha akina mama hapa Katonga, Kigoma. Wengi wanaanika na kuuza dagaa, na waume zao ni wavuvi. Ziwa Tanganyika likifungwa, uvuvi ukasimamishwa, kama 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, marejesho ya VICOBA (vikundi vyetu vya kuweka na kukopa) hayasimami na ada za watoto hazisimami. Humo humo yupo mjane wa juzi tu, na yupo anayetakiwa hospitali kila mwezi.

Mama akisema "simwelewi Mungu", huwa anajibiwa kwamba imani yake ni ndogo na asikiri kushindwa, au anaambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka ya fedha ili apate muujiza, na afunge siku 21. Mistari ya kutia moyo tunayo ya kutosha. Naomba mnisaidie kwa vitendo: maandiko gani, kwa mpangilio gani, na niepuke makosa gani?

Mwalimu wa Ujiji

Shalom, mama. Jumatano ya kwanza chukua Zaburi 13 na usiongeze andiko jingine. Ina mistari sita tu, imekaa miwili miwili: 1 na 2 malalamiko, 3 na 4 ombi, 5 na 6 tumaini. Katika miwili ya kwanza, "hata lini" imetajwa mara nne. Waache wahesabu wenyewe kwa sauti. Sala hiyo ikakabidhiwa mwimbishaji, iimbwe na watu wote, wala haikufichwa kama aibu ya Daudi.

Kisha kila mmoja agawe ukurasa wa daftari mara tatu. Juu aandike jambo lenyewe kwa jina lake. "Changamoto" haitoshi, aandike "rejesho la Ijumaa, elfu arobaini, sina hata elfu kumi". Katikati aweke ombi moja, liwe ombi ambalo likijibiwa atajua limejibiwa, na aweke na sababu, maana Daudi naye alitoa yake: "nisije nikalala usingizi wa mauti". Chini aandike jambo ambalo Mungu amekwisha kumtendea. Angalia mstari wa 5 unavyosema "nimezitumainia fadhili zako": anashika kitu alichokwisha kukishika zamani, wakati adui bado yupo.

Panapoharibika ni hapa: kikundi hukimbilia sehemu ya tatu. Tumezoea kumaliza maombi kwa shangwe, basi malalamiko yanapewa nusu dakika. Wape dakika tano kamili za kimya kwa sehemu ya kwanza, ushike saa. Wasioandika wakae wawili wawili, mmoja aseme na mwenzake asikilize tu bila kushauri. Wala usimlazimishe mtu kusoma alichoandika. Likisomwa Jumatano jioni, Alhamisi asubuhi litakuwa sokoni, na huyo mama hatarudi tena.

Utaulizwa kama hayo si manung'uniko ya jangwani. Kumbukumbu 1:27 inasema Waisraeli walinung'unika hemani mwao: walimsema Mungu wao kwa wao. Daudi anamwambia Mungu mwenyewe. Tofauti iko hapo, kwa nani unasema.

Mzee wa Kasulu

Mwalimu amesema vema. Mimi niongeze la Yeremia 29:11 ("mawazo ya amani wala si ya mabaya"), kwa sababu kwenye kikundi chako lazima litasomwa, na mara nyingi husomwa limekatwa.

Ni barua kwa watu waliokwisha kuhamishwa Babeli, na mstari wa 10, hatua moja tu nyuma, unataja miaka 70. Yaani wengi waliosikia barua ikisomwa wangezikwa kule kule. Kwa hiyo mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uliowateka. Sura ya 28 kuna Hanania, aliyetabiri kwamba yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Ndiye aliyesema walichotaka kusikia, na alikuwa anasema uongo. Anayekuja leo kuwatajia akina mama tarehe ya muujiza wao, na bei yake, mpimeni kwa sura hiyo. Fedha ya rejesho ni ya wenzako wa kikundi. Haiwezi kuwa mbegu. 2 Wakorintho 9:7 inakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima.

Kipindi cha pili fundisha hayo. Cha tatu nenda Yeremia 32, sura ambayo haihubiriwi vya kutosha. Yerusalemu umezingirwa, Yeremia amefungwa uani kwa walinzi, na Mungu anamwambia anunue shamba huko Anathothi. Akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaweka mashahidi. Hati moja ikatiwa muhuri, nyingine ikabaki wazi, zote mbili zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baada ya kumkabidhi Baruku, mwandishi wake, zile hati ndipo akaomba, na ndani ya sala hiyo (16 hadi 25) anamwambia Mungu waziwazi kwamba haelewi: mji unakwenda kwa Wakaldayo (ndio Wababeli), nawe waniambia ninunue shamba! Alitii akiwa haelewi, kisha akauliza, na swali lake likajibiwa bila kukaripiwa.

Basi kila mama aondoke na "shamba" lake moja la wiki hiyo, tendo analolijua kuwa ni sahihi ingawa hajui mwisho wake. Kwenda kwa mwenyekiti wa VICOBA kabla ya siku ya rejesho na kuomba ratiba mpya, asisubiri kufuatwa nyumbani. Kupanda matuta mawili ya mchicha. Kurudi kliniki tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi.

muuguzi_Tabora

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza kuhusu mwili, maana wengi huumia hapo.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe. Analala, anaamshwa ale mkate na anywe maji, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Kisha anakwenda siku 40 hadi Horebu, na ndipo anaulizwa anafanya nini pale. Chakula na usingizi vilitangulia mazungumzo.

Kufunga bila kula wala kunywa kusiagizwe kwa mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kila siku, iwe za presha au za VVU. Na mtu asiache dawa ili kuonyesha imani. Mwenye kusema kama Eliya kwamba heri afe, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwambieni ndugu yake, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mkienda kwa mjane, kumbukeni rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya (2:13). Kosa lao lilianza walipoanza kueleza sababu. Semeni "pole, mama, tuko nawe", na mbebe unga na mafuta. Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ni kweli tupu, lakini kabla yake kuna kuugua kwa namna tatu: viumbe (22), sisi (23), Roho (26). Msimfanye mtu airuke mistari hiyo mitatu.

mama_wa_Katonga

Mungu awabariki sana. Bado maswali mawili. Mama akifika sehemu ya tatu ya daftari akakosa la kuandika, nifanyeje? Na je, naweza kutumia mfano wa wavuvi: dagaa hufuata taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inabaki ufukweni?

Mwalimu wa Ujiji

La kwanza, aiache wazi na aandike tarehe. Zaburi 88 ina mistari 18 na haigeuki kabisa, inaishia gizani. Tumaini lake lote liko mwanzoni, anapomwita "Mungu wa wokovu wangu", na katika kuendelea kuomba mchana na usiku. Hicho ndicho kipindi chako cha nne. Soma zaburi polepole, nyamazeni dakika tatu, kisha kila mmoja amwombee aliye kulia kwake kwa jina, bila mahubiri.

Mfano wa giza uuache, mama, hasa mjane akiwepo. Ni mzuri kwa masikio, lakini mwandishi wa Zaburi 88 hakupata samaki gizani, alipoteza rafiki. Ukimwambia giza lake lina faida, umekwisha kujiunga na rafiki za Ayubu.

Na beba daftari mbili tatu za akiba na kalamu, wapo watakaokuja mikono mitupu.