Benki, mkininyima kadi ya mkopo niambieni sababu!

Wanajukwaa, salaam. Nina hasira na sitazificha.

Vijana wa mauzo wa benki moja kubwa hapa Nairobi walituandama ofisini hadi tukachoka. "Madam, kadi yako imeshapita, imebaki sahihi tu." Nikatoa kitambulisho, PIN ya KRA, hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Kisha kimya. Mwishowe ukaja ujumbe wa simu: ombi lako halikufaulu kwa sasa. Basi. Napiga simu, naambiwa "ni mfumo". Naenda tawini, yule dada wa kaunta ananong'ona, "Labda ni CRB."

Labda? CRB ni zile kampuni zinazoweka kumbukumbu za nani analipa mikopo na nani halipi. Nikaitafuta ripoti yangu mwenyewe huko. Alama za Metropol, mojawapo ya CRB hizo, huanzia 200 hadi 900, na aliyeshindwa kulipa huwa chini ya 400. Mimi niko juu mno ya hapo, sidaiwi hata Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa. Sasa CRB imeingiaje? Na kinachoniuma zaidi, hilo ombi nililobembelezwa nilipeleke limeachwa kwenye ripoti, kila mkopeshaji ajaye ataliona.

Jamani, kanuni za CRB za 2020 ziko wazi. Benki ikikunyima mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo, lazima ikupe notisi, nawe una haki ya kupata ripoti bila malipo. Hata kabla ya kukuorodhesha kuwa mdaiwa sugu inapaswa kukuarifu siku 30 mapema. Hii si hisani ya meneja, ni sheria! Na kama sababu si CRB, waache kuisingizia.

Maana sababu nyingine zipo tele, ila hawazitamki. Chukua kanuni ya theluthi, kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, na benki hukipima kipato chako kwa kipimo hicho hicho. Sasa tazama hati ya mshahara ya leo: kodi ya PAYE, NSSF ya pensheni iliyopanda, SHA ya bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Weka juu yake mkopo wa SACCO. Mtu hajaongeza deni hata moja tangu 2022, lakini nafasi ya kukopa imeyeyuka. Si angeambiwa hivyo tu, akamalize ya SACCO kwanza ndipo aombe?

Wengine wananyimwa kwa kuwa wako kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Na wafanyabiashara ndio usiseme. Shoga yangu anauza mitumba Gikomba, pesa zinapita kwenye till yake ya M-Pesa kutwa nzima, eti alete hati ya mshahara. Aipate wapi, ajiandikie?

Nimeshaandika barua kwa benki, nikabakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nadai sababu kwa maandishi, na wakininyamazia napeleka malalamiko Benki Kuu.

Nauliza: kuna yeyote humu aliyewahi kupewa hiyo notisi kwa maandishi baada ya kukataliwa? Iliandikwaje, na ulimwona nani hadi ukaipata? Na ninyi mnaofanya kazi kwenye idara za mikopo, najua mpo humu mnasoma. Tuelezeni kwa nini haitolewi.