Kipa Joe Hart pale Manchester City, kilichomtoa ni miguu tu?

Kipa wa Ndondo:
Wakuu habari za jioni. Mimi nadaka ndondo huku mtaani, juzi kocha kaniweka benchi kasema mikono unayo ila mabeki wakikurudishia mpira wewe unabutua tu. Imeniuma sana aisee. Nikamkumbuka Joe Hart maana yeye ndo alifanya nipende kukaa golini, watu kibanda umiza wanamwangalia Aguero mimi namwangalia kipa. Mechi 75 England, ubingwa wa ligi 2012 na 2014, glovu ya dhahabu (tuzo ya kipa aliyemaliza mechi nyingi bila kufungwa kwenye ligi) mara 4, halafu 2016 kocha Guardiola anafika City tu jamaa hana namba. Mnaokumbuka vizuri, alitendewa haki kweli?

Mtambaa Panya:
Inauma lakini Guardiola alikuwa anajua anachotaka. Mechi ya kwanza tu ya ligi akampanga kipa mwingine, Caballero, baadae akamleta Bravo kutoka Barcelona, anataka kipa ambaye akikabwa na straika bado anatoa pasi fupi kwa beki, na Hart alikua mtu wa kupiga mrefu. Halafu alitoka Euro 2016 vibaya, frikiki ya Bale wa Wales ya mbali ikampita, na kwenye mechi na Iceland lile shuti la Sigthorsson aliugusa kabisa mpira ukajikokota hadi ndani, England ikarudi nyumbani. Ila Bravo nae alifungwa mpaka akarudishwa benchi, City wakatulia alipokuja Ederson 2017.

Babu Kona:
Mnamzungumzia kama alikua kipa wa kubahatisha. Februari 2015 pale Etihad, uwanja wa City, Barcelona wanaongoza 2-1, dakika za nyongeza, penati, anapiga Messi. Hart akaifuata akaicheza, mpira ukamrudia Messi mwenyewe akajitupa na kichwa, nje! Marudiano kule Camp Nou walimpigia kila aina ya shuti na ikaishia 1-0 tu, bila yeye ingekuwa aibu. Na hakupewa namba bure, City walimchukua Shrewsbury 2006 kwa pauni laki 6, akapelekwa mkopo Tranmere, Blackpool, halafu Birmingham msimu mzima wa 2009/10 akadaka balaa, aliporudi ndo akamweka kipa Shay Given benchi. Mechi yake ya kuaga na Steaua Agosti 2016 alivaa kitambaa cha unahodha, uwanja mzima unaimba jina lake. Mimi machozi yalinitoka, sifichi.

Dada wa Parkhead:
Mnaishia City wakati sehemu tamu ipo mbele. Torino mkopo, West Ham mkopo, Burnley, Tottenham akawa nyuma ya Lloris, wengi wakajua kaisha. 2021 Postecoglou akambeba kwenda Celtic ya Scotland, na huyo kocha ndo kabisa, mpira lazima uanzie kwa kipa! Yaani mtu aliyetolewa City kwa sababu ya miguu akaenda kuifanya kazi hiyohiyo ana miaka 34. Mwanzoni roho juu kila akirudishiwa mpira, baadae akazoea. Ubingwa wa ligi misimu 3 mfululizo, na mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka ni fainali ya kombe la Scotland Mei 2024 na Rangers, 1-0, Idah kafunga dakika ya 90. Kwa hiyo mdogo wangu wa ndondo usikasirike na kocha, muulize anataka upokee mpira ukiwa umesimama vipi, maana makipa wengi tatizo sio kupiga, ni kupokea mwili umeangalia golini kwako, hapo huna pa kutoa zaidi ya kubutua.

Kipa wa Ndondo:
Dada umenigusa hapo kwenye kupokea, ndo ugonjwa wangu kabisa. Kesho saa 12 asubuhi namchukua mdogo wangu tunaenda uwanjani, ananirudishia mguu wa kushoto tu mpaka jua lichome.