Je, cheti cha theolojia kingewaokoa watoto wa Shakahola?

Tangu miili ya waumini waliodaiwa kufunga kula hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, wengi wameshikilia kwamba dawa ni sheria mpya: kila mhubiri awe amesomea theolojia na kila kanisa likaguliwe, kama ilivyoamua Rwanda mwaka 2018. Naielewa hasira yao, maana waliofukuliwa walipita 400 na watoto walikuwa wengi miongoni mwao, lakini siafiki.

Sheria zilikuwepo. Kumnyima mtoto chakula ni kosa nchini Kenya, kumwachisha shule ni kosa, na Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwaongoza waumini hao na ambaye amekana mashtaka yanayomkabili, hakuwa mgeni kwa polisi. Alikamatwa mwaka 2017 kwa madai ya kuwafundisha watoto itikadi kali. Machi 2023 akakamatwa tena kuhusu watoto wawili waliodaiwa kufa kwa njaa, akaachiwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa. Hapo kilikosekana cheti, au mtu wa kufuatilia?

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi mimbari ilivyofungamana na kura. Mwaka 2016 serikali ilileta kanuni za kusimamia taasisi za dini, viongozi wa makanisa na wa Kiislamu wakazipinga, nazo zikaondolewa, uchaguzi ukiwa umebakiza mwaka mmoja na ushei. Jumapili mwanasiasa huitwa mbele, akapewa kipaza sauti, akataja mchango wake wa harambee, waumini wakapiga makofi. Mtu huyo atamtuma nani Jumatatu akamkague mchungaji? Na mamlaka hiyohiyo ndiyo tunayotaka iamue nani anafaa kuhubiri, wakati kesho inaweza kumfungia mlango yule anayeikosoa.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda imani ya mtu, wala hakimpi yeyote, awe mzazi au mchungaji, mamlaka juu ya uhai wa mtoto. Baadhi ya watu wazima waliotolewa msituni waliendelea kukataa chakula, hata wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. Akili iliyofungwa kiasi hicho haifunguliwi na cheti kilichotundikwa ukutani mwa kanisa.

Basi wanaotetea sheria mpya wanijibu: mtoto akikosekana darasani wiki tatu, ni nani leo mwenye wajibu wa kwenda kupiga hodi kwao, na akiambiwa kwamba Mungu amekataza, afanye nini?