Malindi: nani kawaambia Raspberry Pi ni ya kuendeshea kompresa ya barafu?

Wadau, nimefungua paneli ya kiwanda kimoja cha barafu hapa mjini na siwezi kunyamaza. Ndani mna Raspberry Pi, kijikompyuta cha bodi moja, iliyobandikwa kwa gundi, viwaya vya rangi rangi vya kuchomeka kwa vidole, na pini zimeshaanza kuota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Mwenye kiwanda katozwa bei ya PLC, kompyuta ya viwandani ya kuendeshea mitambo!

Stima yetu mnaijua, inapotea na kurudi itakavyo. Safari hii ilikatika bodi ikiwa inaandika kwenye memori kadi, faili zikaharibika, na iliporudi bodi haikuwaka. Mkandarasi akipigiwa hashiki simu. Boti zimeingia, barafu hakuna, samaki wakauzwa bei ya kutupa. Aliyelipa ni mvuvi.

Lakini kilichonichemsha hasa ni swichi ya presha ya kompresa, ile ya kuizima presha ikizidi. Wameipitisha kwenye programu! Ile inatakiwa ikate koili ya kontakta (swichi kubwa inayoipa kompresa umeme) kwa waya, moja kwa moja, hata kama kompyuta imekufa. Hivi ilivyo, Linux, mfumo unaoendesha Pi, ikiganda, relei (swichi ndogo inayoamriwa na bodi) inabaki ilivyokuwa na kompresa inazidi kusukuma. Na gesi yenyewe ni amonia, sumu hiyo, jamani. Kuna watu wanafanya kazi mle ndani.

PLC hurudia programu yake kila milisekunde chache. Mzunguko ukikwama, inajisimamisha na kuzima inachokiendesha. Senso za viwandani za volti 24 unaziunga hivi hivi. Pini za Pi ni za volti 3.3, ziletee 24 uone moshi. Kwa kazi ndogo kama ile hata Siemens LOGO!, kidude kidogo cha jamii ya PLC, ingetosha.

Msiniambie Pi nayo ina saa ya ndani ya kuiwasha upya ikiganda. Ipo, ila hapa hakuna aliyeiwezesha. Sina ugomvi na Pi: ichore grafu za joto, imtumie tajiri ujumbe kwenye simu, hiyo ndiyo kazi yake. Kuamua kompresa izimwe lini, hapana.

Wenye viwanda na vyumba vya baridi, kuanzia Watamu hadi Mambrui, muulizeni fundi wenu leo waya za swichi ya presha zinaishia wapi. Akisema kwenye bodi, zimeni kompresa na msiiwashe mpaka zimehamishiwa kwenye kontakta.