Samaki wanapanda juu kuhema kila nikibadilisha maji: ni klorini au kuna kingine?

Mbuna_wa_Kimara

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada.

Tanki ni sm 100 × 40, kwenda juu 45, maji yanafika sm 40. Ndani kuna samaki 14 aina ya mbuna, mawe mengi, mchanga, na filta mbili za sponji zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Maji ni ya bomba, Dar. Yanapanda kwenye simtanki la lita 1,000 juu ya paa, halafu nayashusha kwa mpira moja kwa moja hadi kwenye tanki la samaki. Sitii dawa ya kuondoa klorini kwa sababu maji yanakaa kwenye simtanki siku mbili tatu, na nilisoma kwamba klorini huondoka yenyewe ndani ya saa 24.

Nabadilisha nusu ya maji mara moja kwa mwezi, kwa kawaida Jumapili saa tisa alasiri. Dakika kumi hivi baada ya kujaza, samaki wote wako juu wanahema, mapezi wameyabana, wengine wanajisugua kwenye mawe. Safari hii asubuhi yake wamekutwa wawili wamekufa. Vipimo kabla ya kubadilisha: pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) 6.6, nitrati 80, amonia 1, zote mbili miligramu kwa lita. Maji ya bomba yana pH 7.8.

Je, dawa ya klorini itatosha? Na nitie kiasi gani?

FundiKioo

Mkuu, pole kwa hao wawili. Zile saa 24 ulizosoma ni za ndoo pana iliyo wazi, siyo za simtanki. Klorini hutoka kupitia uso wa maji. Simtanki lina kina kirefu, mfuniko umefungwa, giza ndani. Humo klorini inaweza kukaa siku kadhaa.

Halafu kuna boya. Fungua mfuniko utazame: kila maji yakishuka kidogo, boya linalegea, valvu inafunguka, maji mapya ya bomba yanaingia. Mtu akioga asubuhi, akafua mchana, simtanki limeshachanganyika na maji ya saa hiyo hiyo. Kwa hiyo hayo maji "ya siku tatu" huna. Wewe mwenyewe ukichota lita 70 kwa mpira, boya linashuka na bomba linamimina maji mapya huku ukiendelea kuchota.

Uliza pia kama kuna mtu nyumbani anatia waterguard kwenye simtanki. Hiyo nayo ni klorini.

Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Samaki huanza kuumia chini ya 0.1. Maji salama kabisa kwako yanachoma matamvua yake: tishu inavimba, ute unajaa, hewa haipiti, ndiyo maana anapanda juu hata kama pampu inapuliza vizuri. Na tishu ikishaungua anaweza kufa kesho yake wakati klorini yenyewe imeshakwisha.

Nenda duka la vifaa vya bwawa la kuogelea, nunua vijiti au matone ya kupimia klorini. Pima maji yanayotoka kwenye ncha ya mpira, siyo ya bomba la jikoni. Rangi yoyote ikitokea, hata hafifu, hayo maji hayaingii kwa samaki kabla hujayatibu.

Dawa ya bei nafuu ni sodiamu thaiosalfeti, zile chembe nyeupe zinazofanana na sukari. Maduka ya kemikali za maabara wanayo. Pima gramu 100, yeyusha kwenye maji, jaza hadi lita 1. Kila mililita 1 ya mchanganyiko huo ina miligramu 100 za dawa, na kwa hesabu ya kazi inahitajika miligramu 7 kuua miligramu 1 ya klorini. Ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 1 kwa lita ina miligramu 20, yaani unahitaji dawa miligramu 140, sawa na mililita 1.4. Tia mililita 2 kwa bomba la sindano ili uwe na akiba, koroga, subiri dakika tano, mimina. Kuzidisha mara mbili hakuna madhara. Kupunguza ndiko kunakoua. Mchanganyiko uweke kwenye chupa ya rangi nzito, mbali na jua, na ukianza kuwa na ukungu mweupe tengeneza mwingine.

Ukiendelea kujaza kwa mpira, dawa unayotia ni ya tanki ZIMA, siyo ya maji yanayoongezwa, na unaitia kabla ya kufungua mpira. Tanki lako ni lita 160 kwa hesabu ya vipimo. Ukitoa mawe na mchanga chukulia 140. Kwa mililita 2 kila lita 20, hiyo ni mililita 14. Sababu ni kwamba maji yenye klorini yanapoingia yanakutana na samaki mara moja, na dawa lazima iwe imeshasambaa inayasubiri.

Mama_Sponji

Nakubaliana na FundiKioo kuhusu klorini, lakini kaka angu, hizo namba zako zinasema mengine pia. Ukitia dawa halafu ukaendelea na nusu kwa mwezi, bado utawapoteza.

Angalia pH. Tanki 6.6, bomba 7.8. Mbuna ni samaki wa Ziwa Nyasa, wanataka 7.8 kwenda juu, kwa hiyo tatizo siyo bomba lako, ni tanki limeoza kwa asidi. Uchafu wa mwezi mzima umekula ugumu wa maji (madini yanayozuia asidi) mpaka pH ikaanguka, na kwenye pH hiyo bakteria wa filta wanafanya kazi kwa kusuasua, ndiyo maana una amonia 1 kwenye tanki la siku nyingi. Kwenye 6.6 amonia hiyo karibu yote iko katika hali isiyodhuru. Unapomimina nusu ya tanki maji ya 7.8, pH inaruka. Kila pH inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo sumu hupanda karibu mara kumi. Umepunguza amonia kwa nusu lakini sumu imeongezeka mara nne au tano ndani ya robo saa.

Sasa saa tisa alasiri. Simtanki jeusi, paa la bati, jua la Dar. Tia kipimajoto kwenye ndoo ya kwanza inayotoka kwenye mpira. Usishangae kuona 34 au zaidi wakati tanki liko 27. Maji ya moto hushika hewa kidogo na samaki aliyepashwa moto anahitaji hewa zaidi. Chota alfajiri, au chota jioni uache ndoo ndani usiku kucha. Tofauti isizidi nyuzi 2. (Kwa walio Arusha au Nairobi shida ni kinyume: maji ya bomba ni baridi, na hita lazima izimwe kabla maji hayajashuka, vinginevyo kioo chake kinapasuka.)

Hesabu ya nitrati ifanye hivi. Kwa namba zako, samaki wanaongeza kama 10 kwa wiki, yaani 40 kwa mwezi. Ukitoa nusu kila mwezi, itapanda mpaka itulie kwenye 80 kabla ya kila zamu, na ndipo ulipo hasa. Ukitoa asilimia 30 kila wiki, itatulia kwenye 33. Ni maji mengi zaidi kwa mwezi, ndiyo, kama lita 170 badala ya 70, ila hakuna siku samaki anayeshtuka.

Lakini usirukie asilimia 30 kesho. Kwa wiki mbili za mwanzo toa ndoo moja tu ya lita 20 kila baada ya siku moja, pima pH na amonia kila zamu. pH ikifika 7.5 na amonia imekuwa sifuri, hamia ndoo mbili kwa wiki. Weka pia kikombe cha magamba ya chaza yaliyosagwa, yale ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku, yaoshe, yafunge kwenye soksi safi karibu na filta. Yanayeyuka polepole na kuzuia pH isianguke tena.

Kutoa maji: zamisha mpira wote ndani ujae, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe kwenye ndoo, achia. Usinyonye kwa mdomo, kuna bakteria humo wa kuleta vidonda na maradhi. Pitisha ncha juu ya mchanga, nyuma ya mawe hasa. Huko ndiko kinyesi kinajikusanya. Kurudisha: weka sahani juu ya mawe, mimina juu yake taratibu.

Mbuna_wa_Kimara

Shukrani sana dada, na wewe FundiKioo. Nimepima ncha ya mpira: klorini 0.8. Boya nimelitazama, ni kama ulivyosema. Joto saa nane mchana 35.

Maswali mawili. Thaiosalfeti nimeikosa leo, naweza kutumia vitamini C? Na maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na tope. Jirani ananiambia nitie shabu.

FundiKioo

Vitamini C inafanya kazi, miligramu 2.5 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Kwa 0.8 kwenye lita 20 ni miligramu 40; tia 60. Iwe unga mtupu wa asidi askobiki. Vile vidonge vya kutafuna vina sukari, rangi na ladha ya chungwa, usivitie. Inashusha pH kidogo, kwa kiasi hicho hutaiona.

Shabu hapana. Inatuliza tope kweli, ila inakula ule ule ugumu wa maji ambao Mama_Sponji anajaribu kukurudishia. Maji yakirudi baada ya mgao, yaache yakimbie mpaka yawe meupe, jaza ndoo, ziache usiku, asubuhi chota ya juu uache ya chini. Pima klorini upya siku hiyo, maana ile 0.8 ni ya leo tu.

Diaspora_DMV

Naongezea kwa walio huku Marekani wanaosoma uzi huu: msifuate hesabu ya thaiosalfeti bila kujua maji yenu yametiwa nini. Washington, D.C. wanatia kloramini tangu 2000, yaani klorini iliyofungwa na amonia. Hiyo haitoki kwa kuachwa kwenye ndoo usiku kucha. Thaiosalfeti inavunja kifungo, inaua klorini, na kukuachia amonia. Kloramini ya miligramu 2 kwa lita inaacha karibu 0.4 ya amonia. Kwenye tanki la mbuna lenye pH 8 hiyo si ya kupuuza. Tafuta dawa ambayo lebo inasema wazi kwamba inakamata amonia pia. Na kila majira ya kuchipua wanarudi kwenye klorini tupu kwa wiki kadhaa ili kusafisha mabomba, kwa hiyo pima klorini jumla (huru pamoja na iliyofungwa), siyo klorini huru peke yake.

Mama_Sponji

Jambo moja nililisahau, kaka. Sponji zisikamuliwe siku unayobadilisha maji. Kamua moja tu, siku tatu baadaye, ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tanki, mpaka uchafu mwingi utoke, siyo mpaka iwe nyeupe. Ya pili isubiri wiki mbili. Ukiiosha chini ya bomba, ile 0.8 itawamaliza bakteria na amonia yako itarudi pale pale.

Mbuna_wa_Kimara

Nilikuwa nazikamua zote mbili bombani, siku ile ile. Ndoo ya kwanza ipo ndani tangu jioni na jiwe la hewa. Kesho alfajiri napima, ikisoma sifuri namimina hiyo moja tu.