Petra au Hegra: uanze na upi ukiwa na siku tatu?

Kiatu_Kigumu

Wakuu, kila Umra ikikaribia swali hili linaibuka huku na kule, nimeona tuliweke mahali pamoja. Miji yote miwili ni ya Wanabatia, Waarabu wa kale walioishi kwa biashara ya misafara. Petra, kusini mwa Jordan, ilikuwa makao ya wafalme wao. Hegra, yaani Al-Hijr au Madain Saleh, iko kilomita zipatazo 20 kaskazini ya mji wa AlUla huko Saudia, na ilikuwa kituo chao kikubwa cha kusini kwenye njia ya misafara ya ubani. Warumi waliutwaa ufalme huo mwaka 106.

Ukitazama picha tu unaweza kudhani ni kitu kimoja. Tofauti iko miguuni: Petra unatembea, Hegra unatembezwa. Petra ukishapita getini unaachiwa mji mzima tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, upande na kushuka utakavyo. Hegra huingii na gari lako. Unapanda basi la ziara, unashuka vituo vichache, kila kimoja kwa dakika zake, na baada ya muda wa saa mbili na ushei umerudishwa ulikotoka.

Kwa hiyo mwenye magoti mazima na siku mbili kamili, Petra. Mwenye mzazi wa makamo, watoto wadogo, au ambaye tayari yuko Madina, Hegra. Mwenye hoja tofauti alete, hasa upande wa pesa.

Binti_Makadara

Pesa ndiyo hii. Tiketi ya Petra kwa anayelala Jordan ni dinari 50 kwa siku 1, 55 kwa siku 2, 60 kwa siku 3. Anayevuka mpaka na kurudi bila kulala hutozwa 90. Viza ya kuingia mara moja ni dinari 40. Ndiyo maana watu hununua Jordan Pass kabla ya kuondoka: dinari 70 yenye Petra ya siku 1, 75 ya siku 2, 80 ya siku 3, na ukilala nchini angalau usiku 3 ada ya viza inafutwa. Bila hiyo Pass, siku 2 za Petra na viza ni 40 na 55, jumla 95. Ukiwa nayo ni 75, na magofu ya Jerash na jangwa la Wadi Rum zimo ndani. Dinari moja ni kama dola 1.41, kwa hiyo 75 ni karibu dola 106.

Sasa mtego. Jordan Pass inafuta ada ya viza, haikupi viza. Kama paspoti yako ni ya nchi inayotakiwa kuomba viza kabla ya safari, kuinunua kwanza ni kuweka gari mbele ya punda. Uliza ubalozini, upate jibu, ndipo ulipe.

Hegra tiketi ya ziara ya basi imekuwa ikianzia riyal 95, kama dola 25. Lakini usishangilie mapema, kinachokula pesa AlUla ni malazi. Wadi Musa, mji ulio mlangoni pa Petra, una nyumba za wageni za kila bei kando ya mteremko mzima. AlUla vyumba vya bei ya kawaida ni vichache, na kati ya Desemba na Februari bei zinapaa.

Abu_Nasra

Nyongeza upande wa Saudia. Mwenye viza ya Umra ana ruhusa ya kutembelea miji yote ya nchi, utaratibu huo ulitangazwa 2022, kwa hiyo AlUla si kosa. Kosa ni kuondoka kwenye kundi bila kumwambia kiongozi wa msafara, halafu basi la kwenda uwanja wa ndege linakusubiri wewe. Viza hiyo pia ni ya kuingia mara moja: ukitoka kwenda Jordan umeimaliza. Anayetaka miji yote miwili aifanye Petra iwe ya mwisho, arudi nyumbani kupitia Amman.

Madina hadi AlUla ni kilomita zaidi ya 300 za lami nzuri, mwendo wa saa 3 na nusu hadi 4. Endesha mchana. Usiku ngamia huvuka barabara, na ngamia ana miguu mirefu: gari dogo linampiga magoti, kiwiliwili chote kinaangukia kioo cha mbele. Jaza tangi Madina, usisubiri taa iwake.

Tiketi ya Hegra kata mtandaoni kabla hujaondoka, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi za majira ya baridi nafasi zinaisha. Na usome vizuri basi linaondokea wapi. Kuna watu huendesha mpaka kwenye geti la eneo la kale wakidhani ndipo ziara inapoanzia, hurudishwa, na wakifika panapohusika basi limekwisha kuondoka. Chukua ziara ya mwisho ya alasiri. Kiangazi joto linapita nyuzi 40 na makaburi yako wazi juani, hakuna mti.

mzee_wa_ramani

Nakubaliana na Kiatu nusu nusu. Kusema Hegra ni ya wasioweza kutembea ni kuipunja. Makaburi ya Hegra ni 111, na 94 kati yake yana nakshi. Zaidi ya 30 yana maandishi ya Kinabatia juu ya mlango: mwenye kaburi ni nani, ni mwaka wa ngapi wa mfalme gani, nani ana haki ya kuzikwa humo, na faini atakayolipa kwa mungu Dushara na kwa mfalme yeyote atakayeliuza au kumzika mtu wa nje. Ni hati ya kiwanja iliyochongwa mlangoni. Petra, pamoja na ukubwa wake, maandishi ya namna hiyo karibu hayapo. Halafu nenda kasimame chini ya Qasr al-Farid, lile jabali lililosimama peke yake. Juu limechongwa laini kabisa, ngazi za mapambo na nguzo zimenyooka. Teremsha macho uone uso unavyozidi kuwa mkwaruzo, na chini kabisa ni alama za patasi tupu. Hapo unajua walichonga kuanzia juu kwenda chini, na kazi ilisimama njiani. Waliofanya ziara ya asubuhi na ya jioni wote hulipiga picha kwa mbele. Zunguka kidogo ubavuni, mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha patasi.

Tuje Petra, maana huko ndiko watu hupoteza siku.

Kosa namba moja ni kuja kwa siku moja kutoka Amman. Ni kilomita kama 230, mwendo wa saa 3. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika saa nne, wakati vikundi vyote viko ndani ya Siq, lile korongo jembamba la kuingilia mjini. Unafika Khazneh, lile jengo mashuhuri lililochongwa kwenye mwamba mwisho wa Siq, unapiga picha, unaangalia saa, unarudi. Umeona jengo moja. Lala Wadi Musa, uwe getini saa kumi na mbili asubuhi.

Kutoka getini hadi mdomo wa Siq ni kama mita 800 za kuteremka, kisha Siq yenyewe kilomita 1.2. Tembea ukiangalia ukutani: mifereji ya maji iliyochongwa kwenye mwamba inakufuata njia nzima, na mahali pengine vipande vya mabomba ya udongo bado vimekaa. Jua huipiga Khazneh kati ya saa tatu na saa tano asubuhi kutegemea msimu. Usikae kulisubiri. Pita, fika kwenye Makaburi ya Kifalme upande wa kulia, panda ngazi za jabali la al-Khubtha, na utaitazama Khazneh kutoka juu jua likiwa juu yake. Kuna vijana pale uwanjani watakaokuonyesha njia ya mkato ya kupanda jabali la mkabala kwa malipo. Si njia rasmi, haina kizuizi, na watu wameumia kwenye miamba ya namna ile. Khubtha ni mbali zaidi lakini ina ngazi.

Ad-Deir, lile jengo kubwa la kuchongwa lililo juu mlimani, iweke alasiri. Ngazi ni zaidi ya 800 kuanzia bondeni, dakika 45 hadi saa nzima kwa mwendo wa kawaida. Asubuhi unapanda juani na uso wa jengo uko kivulini. Alasiri ni kinyume, njia ina kivuli na jengo linawaka. Ngazi zimelika katikati na zina mchanga juu yake, kwa hiyo kushuka ndiko kunakoteleza. Kiatu kiwe na meno, si sandali. Usipande punda kwenye ngazi hizo: wanateleza, na wengine wana vidonda chini ya matandiko.

Siku ya pili panda Madhbah, mahali pa kafara. Ngazi zake zinaanza mkono wa kushoto kabla hujafika kwenye ukumbi wa michezo. Usishukie ulikopandia, shuka upande wa pili kwa Wadi Farasa, utakuta simba aliyechongwa kwenye mwamba, maji yalikuwa yakimtoka mdomoni, na kaburi la Askari wa Kirumi. Upande huo watu ni wachache mno.

Hesabu ya kurudi watu huisahau. Kutoka bondeni hadi getini ni karibu kilomita 4 na sehemu ya mwisho ni mlima. Tenga saa moja na nusu na maji lita moja kwa ajili hiyo tu. Kwa siku nzima lita 3. Farasi wa getini wamo kwenye tiketi lakini bakshishi inadaiwa, na wanaishia kwenye mdomo wa Siq.

Ummu_Salma

Mbona hamjagusa suala la dini? Al-Hijr ni nchi ya Thamud, kaumu ya Nabii Saleh. Kuna hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) alipopita pale akielekea Tabuk. Wengine tumekatazwa kabisa kwenda.

Abu_Nasra

Dada, hadithi ipo kwa Bukhari na Muslim: msiingie kwenye makazi ya waliojidhulumu nafsi zao ila mkiwa mnalia, yasije yakawapata yaliyowapata. Maswahaba pia waliamrishwa wayamwage maji waliyoteka visimani pale, unga waliokanda wapewe ngamia, na wateke kwenye kisima cha ngamia jike. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema makaburi yanayoonekana leo ni ya Wanabatia, ya karne ya kwanza, kwa tarehe zilizoandikwa juu yake. Wapo wanaojengea ruhusa hapo, na wapo wanaosema hukumu ni ya mahali, si ya jengo. Muulize shekhe wako. Anayejizuia bado ana kazi AlUla: mji mkongwe wa udongo, Jabal Ikmah na maandishi yake, na jabali la Tembo, vyote viko nje ya Al-Hijr.

Mswahili_wa_Ruwi

Kwa tulio Oman, kabla ya kununua tiketi ya ndege: Shisr, panapodaiwa kuwa ndipo Ubar, mji wa masimulizi uliopotea, iko jangwani kaskazini ya Salalah ukipita Thumrait. Wengi hurudi wamenuna. Ni kuta fupi kandokando ya shimo kubwa lililotitia, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwamba ndiyo Ubar. Afadhali magofu ya bandari za kale: Sumhuram pale Khor Rori, au Al-Baleed ndani ya Salalah. Ibn Battuta alipoondoka Kilwa mwaka 1331 huko Dhofar, yaani eneo hilo la Salalah, ndiko alikoshukia.

Kiatu_Kigumu

Mzee, na mvua? Naona umeisahau.

mzee_wa_ramani

Kweli. Siq ni mkondo wa maji. Wanabatia waliziba mdomo wake kwa bwawa na kuyageuza maji kwa handaki la pembeni. Kizuizi kilipolegea karne zilizofuata, mafuriko ya 1963 yaliua watalii zaidi ya 20, na bwawa likajengwa upya. Novemba 2018 maelfu waliondolewa kwa dharura. Mvua si lazima inyeshe ulipo wewe, inaweza kunyesha vilimani. Ukiona walinzi wanatoa watu, toka nao, na kama maji yameshaingia panda juu, usikimbilie ndani ya Siq.

Binti_Makadara

Ile njia ya nyuma kutoka Petra Ndogo, yale magofu madogo ya Wanabatia kaskazini ya Petra, kwenda Ad-Deir inafaa kwa anayeogopa ngazi 800?

mzee_wa_ramani

Inafaa, kwa sababu unazishuka badala ya kuzipanda. Ni kama kilomita 6, saa 2 na nusu hivi, na kuna mahali njia inabana kwenye ukingo wa bonde. Anayeogopa vimo asiende. Hasara yake ni kwamba unafika Ad-Deir asubuhi, jengo likiwa kivulini. Na lazima upitie kwanza kituo cha wageni Wadi Musa uchukue tiketi, hata kama una Jordan Pass kwenye simu. Huko nyuma haziuzwi, na mkaguzi akikukuta huna anakurudisha njia ileile uliyojia.